Mdogo Wangu Anajibu kwa Jina la Marehemu

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka kumi na saba. Nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani upande wa Bukima. Si mwongeaji, hata salamu naitoaga nikiangalia chini. Ndiyo maana nimeomba ukurasa huu ufiche jina langu.

Mdogo wangu wa darasa la nne alipenda sana shule. Likizo iliyopita Nyamisi, rafiki aliyekaa naye dawati moja, alifariki kwa surua. Shule ilipofunguliwa, mdogo wangu akaacha kuandika. Anakaa upande wake wa dawati mpaka kengele. Mwalimu alimchapa hadi akachoka, akamwambia baba, "Mzee, huyu ananimalizia chaki bure."

Nikaanza kumfundisha jioni tukianua dagaa kwenye mawe. Madaftari hayapatikani dukani, kwa hiyo naandika hesabu kwa mkaa juu ya jiwe. Hakujibu hata moja. Siku moja nikamtania, "Haya, swali hili ni la Nyamisi." Akajibu papo hapo, tena sahihi. Nilifurahi mno. Tangu hapo maswali yote yakawa ya Nyamisi, akawa anasoma hadithi nzima huku anacheka.

Juzi walifanya mtihani. Alipata karibu yote, lakini juu ya karatasi aliandika jina la Nyamisi. Mwalimu alishindwa hata kumchapa. Sasa nyumbani nikimwita kwa jina lake hageuki. Nilimuuliza, "Na wewe mwenyewe je?" Akasema taratibu, "Mimi sijui kusoma, dada. Nakaa tu namsubiri amalize."



Bibi anasema apewe jina hilo, kama watoto wanaolialia wanavyopewaga majina ya wafu wakatulia. Baba amekataa: "Mama, jina la nyumba nyingine haliingii humu! Shule zikifungwa hajaandika jina lake, anaenda Mugeta kwa shangazi yake akachunge ng'ombe."

Nikiacha kumtaja Nyamisi, mdogo wangu ananyamaza na shule inamponyoka. Nikiendelea, atafaulu, lakini naogopa ni nani atakayepanda darasa la tano, na ni nani nitakayebaki naye hapa nyumbani.

Ninyi mliolea watoto, naomba mnielekeze. Kesho jioni akija kukaa nami kwenye mawe, nimwite nani?