Mfamasia mpya aliyeuliza mshahara wake ni wa nini

Mlango wa chuma umeinuliwa nusu tu, na ndani ya duka la dawa binti mmoja mwenye koti jeupe anakata vidonge. Anakiweka kimoja ndani ya kikasha cha plastiki chenye wembe, anabana kifuniko, kisha anavitoa vipande viwili na kuvipima kwa jicho. Kilichokatika vibaya anakitenga pembeni. Nje, watu wameanza kukohoa kwa makusudi ili mlango uinuliwe wote.

Mmoja wao ni mwandishi wa makala haya, ingawa yeye anakohoa kweli. Amekuja kununua dawa ya kifua, jambo la kuingia na kutoka, lakini anajikuta anahojiwa yeye: kikohozi kimeanza lini, kina makohozi au ni kikavu, anatumia dawa gani nyingine, na hiyo nyingine aliandikiwa na nani. Anatoka na dawa ya bei nafuu kuliko aliyoitaka, pamoja na hamu ya kumjua muuzaji huyu anayewapunguzia wateja wake matumizi.

Wateja wamembatiza Dada Maswali. Nyumbani kwao binti jina hilo halikumshangaza mtu. Mama yake, fundi cherehani, anasema binti huyu alipokuwa mdogo majirani walikuwa wakimwona njiani wanabadilisha njia, maana salamu yake ilikuwa na maswali matano nyuma yake. Leo ana shahada ya famasia, amemaliza mafunzo ya vitendo hospitalini, ana leseni, na hapa ndipo mahali pa kwanza palipotaka kumwajiri.

Tunasema palipotaka, kwa sababu alikaa karibu mwezi mzima bila kukubali wala kukataa. Alikuwa ametajiwa mshahara mdogo.

Wenzake aliohitimu nao walikuwa wakitajiwa karibu mara mbili yake. Ukitoa kodi ya chumba, nauli na chakula cha mchana, anasema, pesa iliyobaki ingemnunulia viatu kwa awamu: mwezi huu cha kulia, mwezi ujao cha kushoto. Mama yake alimkumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Naye akamjibu kuwa kweli, ila kwanza tukitazame hicho kibaba kama hakijatoboka.

"Kwamba ni kidogo kila mtu aliniambia, na mimi nina macho," anasema. "Nilichotaka kujua ni kwa nini kiwe hicho hicho. Mtu hapigi ramli akataja mshahara. Kuna hesabu aliyoifanya."

Ili msomaji aielewe hesabu hiyo, inabidi amjue mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, naye ni mfamasia. Ndiye aliyemtia binti huyu hamu ya kazi hii, tangu alipokuwa akimwona anarudi nyumbani na koti lake jeupe mkononi. Miaka hii hauzi dawa. Anafanya kazi ya ofisini kwenye ghala kubwa la dawa, na mgonjwa hamwoni ila barabarani. Yeye ndiye aliyempigia debe mpwa wake mpaka akaitwa kwenye duka hili. Tena cheti kilichokuwa kimetundikwa ukutani nyuma ya kaunta wakati huo, ndani ya fremu, kilikuwa na jina lake mjomba.

Duka la dawa linatakiwa kuwa na mfamasia aliyesajiliwa, na jina lake lionekane na kila anayeingia. Lakini wenye maduka wengi wa mji huu wamejizoeza njia yao. Mfamasia anatoa cheti kitundikwe, analipwa kila mwezi, anaendelea na shughuli zake kwingine. Dawa zinatolewa na wengine. Kila mtu anajua, na kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna anayeuliza.

Dada Maswali aliuliza. Alimfuata mwenye duka, mwanamke asiyezunguka mbuyu anapozungumza, akamwomba amweleze mshahara ule ameupataje.

"Mwanangu, mshahara wa mfamasia ninao, na kila mwezi unanitoka wote," mama huyo alimwambia. "Nimeugawa tu. Nusu ni ya jina, hiyo inakwenda kwa mjomba wako. Nusu ni ya mikono. Hiyo ndiyo yako."

Mwandishi alipomuuliza mwenye duka kama ni kweli alisema hivyo, hakukanusha wala kuona haya. Alisema wakaguzi siku hizi hawatosheki na fremu, wanataka wamkute mtu anayejua anachokitoa, ndiyo maana akahitaji mikono. Kuhusu jina, alisema mjomba ndiye aliyemshika mkono alipofungua duka, wakati hakujua hata dawa ipi inakaa kwenye friji. Angemtoaje mtu wa namna hiyo? Na yeye si benki, alisema, hawezi kulipa mishahara miwili.

Dada Maswali anacheka akisimulia, kisha anaacha kucheka. Jibu alilolitafuta alikuwa amelipata, na lilikuwa limemfunga mdomo. Kila pesa ambayo angeomba kuongezwa ingetoka kwenye mfuko wa mjomba, mtu mwenye watoto watatu shuleni. Mama yake aliposikia alimwambia asithubutu hata kulitaja jambo hilo. Mkono uliokuonyesha njia haukatwi, alisema, na akarudi kwenye cherehani yake. Binti akamwomba mwenye duka aanze kazi, kisha atoe jibu mwisho wa mwezi.

Kosa lilitokea kabla mwezi haujaisha. Halifichi, na kwa kweli ndilo alilolisimulia kwa kirefu kuliko yote.

Jirani wa bibi mmoja alikuja kumchukulia dawa yake ya presha. Vidonge vya nguvu aliyoandikiwa bibi vilikuwa vimekwisha. Vilivyobaki ni vya nguvu mara mbili. Dada Maswali alimpa hivyo na kumweleza vizuri kwamba kila kidonge kikatwe katikati, bibi ameze kipande. Jirani aliitikia, akaondoka. Neno lilifika nusu njia likapotea. Bibi alimeza kidonge kizima, na siku iliyofuata alipoinuka kitandani kizunguzungu kilimshika, akajikuta amekaa sakafuni.

Kesho yake mwanawe wa kiume aliingia dukani na bahasha ya dawa mkononi. Alikuwa na adabu, na alikuwa na hasira. Dada Maswali alianza kumweleza, lakini yeye hakumtazama. Alitazama ukutani, akasoma jina, akauliza huyu yuko wapi. Muuzaji mwingine wa dukani, kwa hofu, akampigia simu mjomba.

Mjomba alifika na shati lake la ofisini. Waliokuwepo wanasema alisimama katikati ya duka bila kujua apite upande gani wa kaunta, maana rafu zilikuwa zimehamishwa na hakuwa na habari. Akamwambia yule mtu, "Dawa hiyo nimeitoa mimi. Lawama ni zangu."

Mtu yule akamuuliza maswali ya kawaida kabisa. Nani alikuja kuichukua? Alipewa maelezo gani? Kwa nini nguvu ya dawa ilibadilishwa? Mjomba, mwenye miaka mingi ya kazi hii, hakuwa na jibu hata moja. Alibaki ameishika ile bahasha.

"Pale nilimwonea huruma mjomba wangu kuliko nilivyojionea mimi," anasema Dada Maswali. "Nikasema, kaka, niliyeitoa ni mimi. Nilisema vikatwe, sikuvikata. Twende nikamwone mama."

Walikwenda. Alimpima bibi presha, akampigia simu daktari wake wakiwa pale pale, akavikata vidonge vyote mbele yake. Bibi hakuwa amepata madhara zaidi ya maumivu ya nyonga, na hasira zake zote alimtupia mwanawe kwa kwenda kupiga kelele kwenye duka la watu. Tangu siku hiyo kidonge cha kukatwa hakitoki dukani kikiwa kizima.

Mjomba na mpwa wake walizungumza jioni ile wakiwa wamekaa kwenye benchi la wateja, mlango umeshashushwa. Mjomba alisema alitaka kumkinga. Mpwa wake akamwambia hilo analijua na anamshukuru, kisha, kama kawaida yake, akamuuliza: yeye alipoanza kazi alilipwaje?

Mjomba alimsimulia. Alianzia kwenye duka la mtu, alisema, kwa mshahara wa kubabaisha, na ukutani palikuwa na cheti cha mzee mmoja ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Alipolalamika aliambiwa avute subira, zamu yake itafika.

"Ikafika," mjomba alisema. "Nikawa mimi ndiye yule mzee. Mpwa wangu, sikuona kama nachukua cha mtu. Nilidhani hivyo ndivyo ngazi ilivyo."

Hapo ndipo Dada Maswali alipompa jibu lake, kabla hata ya kumpa mwenye duka. Alimwambia kazi anaitaka, na kwa mshahara mdogo angeweza kuvumilia, ila hawezi kufanya kazi ambayo akikosea ataitwa mtu mwingine. Kama jina na mikono haviwezi kuwa vya mtu mmoja, angeondoka mwisho wa mwezi, na asingemlaumu yeyote. Mjomba alimuaga akaenda zake.

Siku chache baadaye alirudi dukani asubuhi, na bisibisi mfukoni. Aliomba kiti, akapanda, akafungua fremu yake mwenyewe na kuifuta vumbi kwa mkono wa shati. Mwenye duka alijaribu kumzuia. Alimjibu kwamba akiitwa tena hatakuwa na la kusema, kama alivyokosa la kusema siku ile.

Cheti cha mpwa kikachukua nafasi hiyo, lakini msomaji asidhani kwamba alikabidhiwa nusu zote mbili. Mama mwenye duka ni mfanyabiashara. Alisema jina jipya halijazoeleka, haliwezi kuwa na bei ya jina la zamani, akamwongezea nusu ya ile nusu ya jina, basi. Walivutana mpaka wateja wakaanza kuchangia mawazo. Mwisho walikubaliana kwamba kiasi kilichobaki kitaongezwa baada ya mwaka mmoja, na hilo likaandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo bado analipwa chini ya wenzake, na bado anakwenda kazini kwa miguu siku ambazo mvua hainyeshi.

Nyumbani kwa mjomba mkono umekuwa mfupi. Mke wa mjomba alikuwa na kawaida ya kuja kushona kwa wifi yake, mama wa Dada Maswali. Mwezi huu hajaja. Nguo ya wifi yake iliyobaki pindo tu, fundi cherehani anaikunja na kuikunjua.

"Linaniuma," binti anasema. "Nikisema haliniumi nitakuwa nadanganya. Lakini ningechukua nusu yangu nikanyamaza, baada ya miaka ningekuwa mimi ndiye niliye ukutani, na mtoto wa mtu yuko hapa chini anakata vidonge."

Anataka nini mbele ya safari? Duka lake mwenyewe, dogo, lenye chumba cha pembeni ambamo mtu anaweza kuuliza jambo la aibu bila foleni nzima kusikia. Hajui atalipata lini. Anachojua ni mtu wa kwanza atakayemwajiri: mjomba, akistaafu ghalani. Cheti chake kitapanda ukutani tena, na mwenyewe atakuwa amesimama chini yake.

Ameshamwambia? Ameshamwambia, na safari hii aliyeuliza swali alikuwa mjomba.

"Aliniuliza mshahara utakuwa kiasi gani," anasema Dada Maswali. "Nikamwambia, Mjomba, wa kuanzia utakuwa mdogo. Lakini utakuwa mzima."