Punje za Kuku

Kituoni kwao, walikofanyia utafiti wa mbegu, walimwita Bibi Mia, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupanga punje mia za mahindi juu ya karatasi iliyoloweshwa, kungoja siku saba, kisha kuhesabu zilizoota. Miaka kumi na sita, na mkubwa wake hakuwahi kupata sababu ya kumfokea.

Punje zilizobaki baada ya kipimo zilikuwa za kuku. Bibi Mia, ambaye hatupi hata kifuniko, alizifunga kwenye kitambaa akampelekea mama mkwe wake. Hakufikiria kwamba mbegu za safari hii zilitoka kwa kampuni ya nchi tajiri, iliyozihangaikia miaka kumi na miwili mpaka zikastahimili ukame. Kituo kilipewa kuzijaribu bure kwa sharti moja: hata punje isivuke ua kabla bei ya wakulima haijakubaliwa. Mfanyakazi akiivusha, mradi unafungwa na wote wanarudi nyumbani.

Mama mkwe alipoziona zilivyonona, akaona ni dhambi kumpa kuku. Akazipanda. Msimu uliofuata akawagawia majirani, maana kwao mtu hanyimwi mbegu.

Sasa mvua zilikuwa zimegoma. Mgeni wa kampuni, akipelekwa kituoni, aliona mabua mekundu, alama ya mbegu yao, yamesimama peke yake katikati ya mashamba makavu. Akasimamisha gari. Bibi Mia, aliyechukuliwa awe mkalimani, alishuka nyuma yake.

"Karibuni!" mama mkwe aliwapokea, mikono imejaa udongo. "Mwanangu, mwambie mgeni mbegu hizi zimetuokoa. Mwaka huu tunakula."

Mgeni hakungoja tafsiri. "Hizi zimeibiwa. Muulize aliziiba lini."

Dereva akajifanya anakagua tairi. Neno moja tu la uongo, naye Bibi Mia angebaki na kazi yake, na mama huyu angeitwa mwizi kwa lugha asiyoijua.

"Anasemaje? Amezipenda?"

"Amezipenda, mama." Kisha akamgeukia mgeni. "Hakuiba. Nilimpa mimi, alishie kuku."

Mgeni akatoa kalamu, akamuuliza jina lake kamili. Mama mkwe naye alikuwa keshavunja hindi lililokauka, akamnyooshea mgeni kwa mikono miwili.

"Mwambie akapande na kwao."