Kalondu Aliyekula Chakula cha Mwanapili

Kalondu aliogopa watu. Nyoka aliwaua kwa jembe na njaa aliizoea, lakini midomo ya majirani ilimtetemesha, na kwa ajili ya midomo hiyo nusura bibi mmoja achomwe moto. Haifai kulificha jambo hilo katika maisha ya mtu ambaye waumini wa nyuma ya Msambweni wanamwita mtakatifu, ingawa Kanisa lenyewe halijatamka neno.

Alizaliwa Ukambani mwaka 1959, akaletwa pwani akiwa bado mtoto, wazazi wake walipopewa shamba katika skimu ya makazi ya serikali. Wakamba walikuwa wageni pale, na mamake alimfundisha sheria moja: mgeni asitoe sababu ya kusemwa. Kalondu akaishika sheria hiyo kuliko amri kumi. Siku nyumba ikikosa kitoweo, alichoma dagaa mmoja mlangoni ili harufu iwafikie majirani. Kanisani hakupiga magoti mpaka awaone wengine wamepiga. Alifua mashuka katika hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi, akafiwa na mumewe, akamlea Muema, mwanawe wa pekee, kisha akarudi skimu na kufungua kibanda cha chai. Watu walimpenda, kwa kuwa mtu asiyemkosoa yeyote hupendwa kwa urahisi. Wakamchagua awe mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya ya kanisa, na hakukuwa na harusi wala matanga yaliyopikiwa bila sufuria yake.

Jirani yake alikuwa Mwanapili, mjane Mdigo, Mwislamu, mzee wa mvi na macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mwaka 2013 mpwa wa bibi huyo, jina lake Boga, alifiwa na mtoto kwa homa. Boga alikuwa amelitamani shamba la Mwanapili siku nyingi, akasema mtoto amelogwa na bibi huyo. Pande hizo, neno hilo likishatoka, jambo la kwanza ni chakula. Hakuna anayekula cha mshukiwa, wala anayempa chumvi au moto. Sahani yake ikipelekwa msibani hurudi vile vile ilivyokwenda. Kinachofuata ni kiberiti. Kalondu naye aliacha kumsalimu, akawa anapita njia ya nyuma.

Jumapili moja ya Agosti ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa Kalondu. Kabla wenzake hawajafika, Mwanapili aliingia kwa mlango wa jikoni, kanga imelowa jasho, mkononi ana bakuli la muhogo wa nazi, maana mtu wa malezi yake, hata akikimbia kifo, haingii kwa jirani mikono mitupu.

“Shikamoo, bibi,” Kalondu alisema kwa mazoea.

“Marahaba, mwanangu. Vijana waja kunichoma. Nifiche.”

Kalondu alimsukuma ndani ya ghala la mahindi. Hakufanya hivyo kwa huruma. Akina mama walikuwa wameshaonekana njiani. Bakuli akalisogeza chini ya meza, akinuia kulimwaga baadaye.

Sala ilikuwa katikati vijana walipofika na mapanga, mbele yao Tembo, mwendesha bodaboda. “Mama Muema, samahani kwa kuwakatizia. Twamtafuta yule mchawi. Yumo humu?”

Wote wakamgeukia mwenye nyumba. “Hayumo,” Kalondu akajibu. “Mimi nitamweka mtu kama yule?”

“Huyu?” akasema Winrose, mweka hazina wao. “Hata kuku wa bibi yule huwatupia mawe!” Wakacheka, na vijana nao wakacheka.

Ghalani hakukutoka sauti. Bibi alikuwa ameyasikia yote, akanyamaza. Kunyamaza huko, Kalondu alisema miaka ya baadaye, kulimchoma kuliko matusi. Vijana walikuwa wameshafika barabarani alipoinuka, akaenda mlangoni.

“Tembo! Rudi. Nimesema uongo mbele ya Mungu. Yumo.”

“Basi mtoe.”

“Simtoi. Ni mgeni wangu.”

“Mama, huyo amekulisha nini?”

“Bado hajanilisha,” akasema. “Ngoja sasa.”

Akalichukua lile bakuli, akaketi mkekani katikati ya jumuiya, akala kwa mkono. Winrose alipiga ukelele: “Mwenyekiti, tema! Tema!” Kijana mmoja akasema kesho watachimba kaburi. Kalondu alikula bila haraka mpaka akapangusa bakuli kwa kidole. “Chumvi imepungua,” akasema, “maana hakuna aliyempa.”

Vijana walisimama wakimngoja aanguke. Hakuanguka, nao wakaondoka mmoja mmoja. Asubuhi watu walikuja kutazama maiti, wakamkuta anafagia uwanja. Tangu hapo habari ya kiberiti ikafa, kwa kuwa Boga hakupata tena wa kumfuata.

Mwanapili akakaa kwa Kalondu mpaka mwisho wa maisha yake. Kalondu alimnunulia mkeka wa kuswalia, akamwamsha alfajiri magoti ya bibi yalipokuwa mazito. Walipomuuliza kanisani mbona hamleti abatizwe, alijibu, “Aliomba pa kulala. Ubatizo hakuomba.” Kisha ukoo wa Kavumbi ulikuja kwa maneno ya ndoa ya Muema na binti yao, ukamwona bibi jikoni anamenya viazi, ukaondoka bila kugusa chakula. “Mama, chagua,” Muema akasema. “Nimeshachagua, mwanangu,” akamjibu, “na wewe sijakufukuza.” Muema alifunga nguo zake.

Kalondu alifariki mwaka 2021, miaka miwili baada ya Mwanapili kufa kitandani kwa uzee. Katika mambo yanayokumbukwa, hili husimuliwa zaidi. Winrose alizeeka, watu wakaanza kunong'ona kwamba yeye naye ni mchawi. Akaenda kaburini kwa Kalondu, akalia, akaomba. Asubuhi Tembo alipiga hodi kwake, akaomba chai, akainywa yote mlangoni penye watu. Wapo wanaosema ni bahati. Winrose anasema ni Kalondu. Kila Agosti akina mama wa pale humtafuta mtu ambaye watu wamekataa chakula chake, wakala kwake.

Anayetaka kumwiga na afanye hivyo, ila ajue bei yake kwanza. Kalondu alipoteza uenyekiti wiki ile ile. Kibanda cha chai kilifungwa kabla ya mwaka kwisha. Sufuria yake haikuitwa tena kwenye harusi wala matanga. Dada zake walikufa bila kusema naye. Muema alioa huko Lunga Lunga, akapata watoto wawili, na nyanya yao hakuwahi kuwabeba.