Koti la Babu Lilikwenda Dumila

Mwezi uliopita nilipanda mlima kwenda nyumbani kwa bibi, na kazi niliyopewa ilikuwa ile ile ya utotoni: kusugua masufuria. Arobaini ya bibi ilikuwa imekwisha, wageni wameshuka, vyombo vimerundikwa uani. Sabuni ya unga ilikuwepo, lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye jivu. Nikachuma ndimu, nikaikata, nikaichovya kwenye jivu, nikaanza kusugua. Harufu ile ilipopanda puani, ndugu yangu, nilikaa chini. Nikaiona nishani ya babu kana kwamba iko kiganjani mwangu, nikawa tena mtoto wa darasa la tano ambaye mgeni akimuuliza jina anajificha nyuma ya mlango.

Nyumba ile iko juu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Bigwa. Ukikaa barazani unaiona Morogoro yote chini, mabati yanametameta, na barabara ya Dodoma ikipotea kwenye ukungu. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kung'ata. Bibi alichemsha chai ya mchaichai, tukala na magimbi yaliyochomwa yakiwa bado na majivu kwenye ganda. Mama yangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, kwa hiyo mimi nililelewa pale, na wazee wawili na mbuzi.

Nilikuwa na aibu sana. Mwalimu akiniita mbele, nilisimama nikitazama vidole vya miguu mpaka anirudishe. Mtu mmoja tu duniani sikumwonea aibu, naye ni babu. Unajua wazee wetu na wajukuu zao. Babu aliniita mke mdogo, bibi akaniita mke mwenzangu. Basi mimi nami nilijifanya mke kweli. Nilimgombeza babu kwa ugoro aliomwaga kitandani, kwa kuni ambazo hajapasua, kwa kuchelewa kurudi. Alikuwa akiinamisha kichwa kama mume aliyekosa, akisema, "Nisamehe mke mdogo, bibi mkubwa asisikie."

Babu alipigana vita vya Kagera. Hakuvisimulia. Alichorudi nacho ni koti zito la kaki lenye vifungo vya shaba, na nishani moja ya mviringo yenye utepe, aliyoihifadhi kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati. Kila mwaka ilipokaribia Siku ya Mashujaa aliuteremsha mkebe, mimi nikaleta ndimu na jivu. "Sugua mbele," aliniambia. "Nyuma acha." Kwa hiyo mbele iling'aa, nyuma ilikuwa nyeusi kama chungu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Siku yenyewe alivaa koti, lakini nishani aliibandika upande wa ndani. "Njiani si gwaride," alisema. Akifika uwanjani ndipo anaihamishia nje, na akimaliza anairudisha ndani. Alipokuwa akiteremka kilima uliisikia inagonga kifungo: kli, kli, kli. Jioni nilijua amefika kwa sauti hiyo kabla ya kumwona.

Mwaka ule alirudi amelowa. Koti likatundikwa msumarini, babu akapanda kitandani, na hakutoka tena humo mpaka alipobebwa.

Sasa hapa lazima nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa tulivyohangaika. Kwetu, akifa mtu, watani wake huja. Hawaji kulia. Huja kucheka, kumsema marehemu, kuvaa nguo zake na kutembea kama yeye, ili waliofiwa wapumue. Na kitu anachochukua mtani siku ya msiba hakihesabiwi. Hakuna anayekitazama kinavyotoka mlangoni. Mtu mzima mwenye adabu hata macho hageuzi.

Mtani wa babu alikuwa mwanamume mrefu mwenye pengo, muuza vitunguu wa Dumila. Alifika siku ya mazishi akiwa na filimbi mdomoni. Akaingia ndani moja kwa moja, akatoka amevaa koti la babu, akaanza kuchechemea na kukohoa kama babu, akawapanga wazee mstari mmoja na kuwapigia saluti. "Nani kawaambia nimekufa?" alifoka. "Nimekwenda likizo!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na bibi ndani, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja. Jioni mtani akashuka mlima na koti lake mwilini. Hakuna aliyegeuza macho.

Siku chache baadaye bibi aliuteremsha mkebe. Ulikuwa mtupu.

Kwa Waluguru ukoo ni wa mama. Vitu vya mwanamume akifa hurudi kwa wapwa wake, na siku ya arobaini hutandazwa kwenye mkeka mbele ya watu wote, halafu mmoja hurithi jina. Mpwa mkubwa wa babu, ambaye mimi nilimwita mjomba, ndiye aliyekuwa arithi. Alikuja kuangalia vitu, akaona mkebe mtupu, akautikisa kama mtu anayetafuta kiberiti.

"Shangazi," alisema, "nishani iko wapi?"

"Naitafuta, baba."

"Kinatafutwa vipi kitu ambacho hakikutoka humu ndani?"

Kufikia Ijumaa, kisimani watu walinyamaza nilipofika na ndoo. Jirani yetu, mama mmoja mwenye huruma na mdomo mwepesi, akaja kutuambia: inasemekana bibi ameificha asiwape wenye ukoo, au wanunuzi wa vyuma chakavu wamepita nayo.

Bibi akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akasema, "Itakuwepo kwenye mkeka. Nimekaa na mtu yule tangu nina meno yote. Sitaitwa mwizi wa mume wangu."

Shida ni kwamba alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi hatoki. Basi alitafuta akiwa amekaa. Alitoa amri kutoka kwenye jamvi lake kama mkuu wa kikosi. Mimi nilichambua maharage gunia zima, nikachokoa mashimo ya panya, nikapepeta jivu la jikoni. Godoro la babu tulilifumua, sufi ikaruka mpaka mbuzi wakapiga chafya. Jirani akatumwa mjini kwenye ofisi ya jeshi kuomba nishani nyingine, akarudi kusema wamempokea vizuri, ila zinatakiwa namba na karatasi, halafu wataandika barua.

"Barua!" bibi alisema. "Barua itabandikwa kwenye koti?"

Siku zilikuwa zinakwisha. Ilibaki wiki moja na kidogo. Jioni hiyo nilikuwa nasugua sufuria uani kwa ndimu na jivu, bibi amekaa kizingitini akimenya mihogo. Alisema kama anazungumza na kisu, "Angalau lile koti lingekuwepo, nikatazama mifukoni."

Mkono wangu ulisimama. Nilikuwa nimelisikia. Siku ya msiba, mtani alipopita mbele yangu akipiga gwaride, nilisikia sauti niliyoijua. Nilidhani ni masikio yangu yanamtaka babu. Na isitoshe, nani angemwuliza mtoto?

"Bibi," nilisema, "koti lilikuwa linalia."

"Linalia vipi?"

"Kli, kli."

Kisu kikaanguka. Bibi akajipiga paji la uso. Babu alikuwa mgonjwa tangu alipolivua. Hakuirudisha mkebeni. Wiki nne tulikuwa tumepekua panya na majirani, kumbe kitu kilitoka mlango wa mbele mchana kweupe, kikipigiwa saluti.

Mjomba alipoitwa hakuamini, lakini alikubali kwenda Dumila mradi na mimi niende nikaonyeshe nilichosikia. Bibi alinifunga ushungi mwenyewe. "Sikiliza, mke mwenzangu. Yule ni mtani. Ukimwomba hakupi. Ukimkasirikia ndiyo kabisa. Mtanie."

Kumtania mtu mzima! Mimi ambaye sikuweza kumwambia mwalimu naomba kwenda chooni.

Dumila tulimkuta kando ya barabara, kati ya vichanja vya vitunguu, basi limesimama na wauzaji wamenyanyua ndoo za nyanya madirishani. Jua kali, na yeye amevaa lile koti. Nikatoa shikamoo kwa sauti ya sisimizi.

"Marahaba, mjukuu wa mtumwa wangu! Na huyu kijakazi wa kiume uliyekuja naye ananunua au anashangaa?"

Mjomba hakuwa mtu wa mzaha. Alikohoa, akaeleza kwa adabu kwamba kuna mali ya ukoo ndani ya koti na arobaini imekaribia. Ungedhani anasoma tangazo la serikali.

Mtani akafunua koti. Nishani ilikuwa pale pale babu alipoibandika, nyuma yake nyeusi imetugeukia. Akaifunika. "Mali ya nani? Marehemu si ndiye mimi? Nimekwenda vitani na miguu yangu hii, wewe umebaki kwa mama yako unalamba mwiko. Leo nikuvulie nishani?"

Wauza vitunguu wakacheka. Mjomba akaiva masikio. "Nimekuomba kwa heshima," alisema, na nikaona mshipa umemtoka shingoni.

"Ndiyo kosa lako hilo. Nenda kamwambie bibi mkubwa mumewe hajambo."

Mjomba akageuka kuondoka. Nikamwona akilini bibi amekaa kizingitini, na mkeka mtupu mbele ya watu. Nikatazama vidole vya miguu. Halafu nikatazama koti, koti tu, vile vifungo vya shaba ninavyovijua kimoja kimoja, na mdomo ukafunguka.

"Kama ni wewe babu, twende nyumbani."

Mtani akainama. "Umesemaje?"

"Mimi mkeo mdogo nimekufuata. Kuni zimekwisha tangu uondoke. Ugoro wako umejaa kitandani, nani afute? Dawa yako chungu hujaimaliza, bibi mkubwa ameishika kwenye kijiko, na godoro tumelifumua, utalala na mbuzi. Twende! Mume gani anakwenda likizo Dumila kuuza vitunguu wakati wake zake wawili wanakula mihogo mikavu?"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nadhani yalikuwa yamerundikana humo tangu siku aliyobebwa, nikikosa wa kumgombeza. Wauzaji walipiga yowe. Mama mmoja aliweka ndoo ya nyanya chini ili acheke vizuri. "Umepatikana leo!" walimwambia. "Nenda kwa wake zako!"

Mtani alisimama mdomo wazi, pengo lake lote nje. Kisha akanyoosha mikono kama mtu aliyezingirwa na adui. "Nimejisalimisha! Huyu si mtoto, ni nyuki. Dawa sinywi, na kwa mbuzi silali." Akaifungua ile pini, akapiga magoti mbele yangu palepale kwenye vumbi, akaibandika nishani kwenye gauni langu la shule. Koti akabaki nalo, maana lilikuwa lake kwa haki. Akaongeza na shada la vitunguu, "la mke mdogo".

Tuliporudi, mjomba alitembea nyuma yangu. Kwenye mteremko wa kijito alisema tu, "Inagonga kweli." Nami nilikuwa naisikia, ikigonga kifungo cha gauni langu.

Siku ya arobaini mkeka ulitandazwa. Panga, jembe, redio, mkebe. Watu wa kisimani wote walikuwepo. Bibi alikuja na nishani kiganjani, nimeisugua mbele, nyuma nimeiacha. Hakuiweka chini. Alimwendea mjomba, akaishika mikono yake miwili, akaitia humo.

Mjomba alishindwa kuinua uso. "Shangazi, kaa nayo wewe. Nilisema vibaya."

"Sikuitafuta nikae nayo," bibi alijibu, na sauti yake ilifika mpaka kwa jirani. "Niliitafuta niitoe kwa mkono wangu." Kisha akaenda kupakua wali.

Mjomba bado anayo. Kila Mashujaa huibandika kwa ndani kwanza. Mtani alifariki miaka kadhaa iliyopita, na watoto wake wametawanyika, mmoja nasikia yuko Mzumbe, wengine Dar.

Kwa hiyo bibi alipofariki hakuja mtani. Palikuwa na viti vya kukodi, kipaza sauti, ratiba iliyochapwa kwenye karatasi, na kila kitu kilikwenda kwa wakati. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeingia ndani akatoka amevaa kanga za bibi akichungulia masufuria na kuuliza nani kayasugua vibaya hivi. Niliwahi kuwaza kusimama mimi. Nilikuwa na maneno. Nikatazama vidole vya miguu.

Baada ya arobaini tulikaa na mama zangu wadogo kuhesabu vitu vya bibi. Kanga, jamvi, mwiko, kinu, masufuria yote, hata kile kisu cha mihogo. Tukahesabu mara mbili.

Havikupungua hata kimoja.