Hapana Arobaini

Siku ya kwanza kuingia maktaba ya chuo kikuu nilivua viatu mlangoni. Hakuna aliyeniambia nivue. Niliona tu mahali papana penye kimya, watu wameinamisha vichwa, na miguu yangu ikajua la kufanya kabla sijafikiri. Nilizunguka rafu za Sayansi ya Siasa kwa soksi, na ya kushoto ilikuwa na tundu, hadi mtunza maktaba akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa miguu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, bendera ingali mpya, na mimi nilikuwa wa kwanza kutoka kijiji chetu, mwendo mfupi kutoka Mwabungo, kwenda kusoma Nairobi. Nilipowaambia watu nyumbani kwamba ninakwenda kusomea siasa, shangazi yangu aliyenilea tangu mama alipofariki aliuliza kama siasa nayo ina kitabu. Nikamjibu kwa maringo kwamba ina vitabu vingi sana.

"Haya baba," akasema, "kavisome. Sisi wengine twaifanya hivi hivi tu."

Nilidhani anatania.

Kusoma nilikujua kwa namna moja. Nilianzia kwa mwalimu wetu wa Kurani, na kwake kusoma kulikuwa ni kuhifadhi. Ukikosa herufi moja unarudishwa mwanzo. Ukimaliza bila kukosa unasifiwa mbele ya wenzako, na wakubwa wanakuombea dua. Kwa hiyo mhadhiri wetu, mzungu mrefu asiyecheka, alipotutaka tuandike insha ya kwanza kuhusu serikali na raia, nilihifadhi sura nzima ya kitabu, kurasa kumi na nane, nikaiandika bila kuacha hata koma. Niliikabidhi nikaenda zangu kungojea sifa.

Akaniita ofisini.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Ya kitabu, bwana," nikasema, na nikamtajia kitabu chenyewe asije akadhani namdanganya.

"Na wewe unafikiri nini?"

"Mimi bado ni mgeni hapa."

Hakucheka. Alinieleza pole pole kwamba nilichofanya kinaitwa wizi. Neno lile lilinichoma moyo. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu mwizi ni yule anayebadilisha maneno ya kitabu, lakini Kiingereza changu cha hasira kilikuwa bado hakijakomaa. Akatoa hukumu. Likizo ile nirudi nyumbani, niulize watu arobaini, niandike jinsi kijiji kimoja kinavyoamua mambo yake. Kila neno nionyeshe limetoka wapi, na katikati ya hayo yote azione fikra zangu mwenyewe. Asipoziona, nitafute idara nyingine. Idara nyingine zilikuwa zimejaa, sote wawili tulijua. Maana yake ilikuwa nirudi nyumbani moja kwa moja, nikawaeleze watu walioniaga kwa maulidi kwamba nimefukuzwa kwa kuhifadhi vizuri.

Alinipa pia bunda la kadi nyeupe. Kila kadi jambo moja, akasema, na chini yake uandike nani kasema, wapi, lini, na alikuwaje. Nikazitia katika sanduku la viatu, nikazibeba hadi Likoni, nikavuka nazo kwa feri nimezikumbatia, na kuanzia Waa hadi nyumbani sikuziweka chini.

Maswali yangu yalikuwa kumi na mawili. Niliyaandika kwanza kwa Kiingereza kisha nikayafasiri, na Kiswahili chake kilitoka kigumu, kama barua ya bwana shauri wa wilaya. Nikaogopa kuchekwa. Kwetu mtu atakusamehe ukimwuliza jambo la kipuuzi, lakini si kwa Kiswahili kibovu. Nikaipeleka karatasi kwa mwalimu wangu wa Kurani anisafishie lugha.

"Hii ni karatasi ya nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimechoka, na kumweleza mzee yule utafiti ni nini kungechukua mchana kutwa. "Ni mtihani wangu, maalim," nikasema. "Nisipofanya vizuri wananifukuza."

Aliitazama karatasi, akanitazama na mimi, akaniambia nimwachie siku chache. Nami nikaenda Msambweni kumwamkia mjomba. Niliporudi siku ya tano nilikuta maswali yamepigwa pasi, Kiswahili kinateleza. Nikamshukuru. Sikujiuliza kwa nini kazi ya nusu saa ilichukua siku nne.

Kitabu cha utafiti kilisema waulizwe wakuu wa nyumba. Nikaorodhesha wanaume arobaini. Wa kwanza alikuwa mkwezi wa minazi, ambaye siku za kazi humwoni ila na kikoi kilichofungwa kiunoni. Siku ile nilimkuta amevaa kanzu iliyofuliwa na kofia, ameketi wima akiningoja. Tukaamkiana, tukaulizana hali za watu wote mpaka za mbuzi. Kisha akasema, "Bismillahi," akayafumba macho.

Nikamwuliza nani anayeamua mambo ya kijiji.

"Mambo ya kijiji chetu huamuliwa na serikali yetu tukufu kwa mkono wa chifu, nasi twatii na kushukuru."

Nikaandika. Swali la nne liliuliza kama wanakijiji hukutana kuzungumza mambo yao.

"Hapana. Hatukutani."

Wa pili alinijibu vivyo hivyo. Wa tatu pia. Kufika wa kumi, naona haya kusema, nilifurahi sana. Nilidhani nimegundua kanuni. Vitabu vilisema watu hutofautiana, na hapa kwetu nimepata watu kumi wasiotofautiana hata kwa neno, nikaanza kujiona na joho mabegani. Muuza samaki wa ng'onda alinipa jibu la tano kabla sijamwuliza swali lenyewe, nikasema moyoni, mtu mwerevu huyu. Mwingine alinikemea kwamba nimeruka swali la saba, na kweli nilikuwa nimeliruka.

Aliyenifungua macho ni seremala, mtu wa ishirini na saba. Alikwenda vizuri hadi swali la nane, hapo akakwama. Akakuna kichwa. Akatazama dari. Kisha akarudi jibu la kwanza, akayashuka yote kwa mbio, midomo ikicheza, ili alipate la nane kwa mkumbo. Nilikaa na kalamu mkononi nikamtazama. Namna ile niliijua. Ndivyo nami nilivyokuwa nikiitafuta aya iliyonipotea, utotoni, mbele ya maalim.

Nikamwambia inatosha, nikaenda nyumbani nivunje kazi ile yote. Lakini kumi na watatu waliobaki walikuwa wamekwisha kuzijua zamu zao. Niliwakuta barazani kwa shangazi wamepanga foleni, kanzu tupu. Ningewarudishaje? Nikawasikiliza mmoja mmoja. Shangazi akawapa kahawa.

Nilipomaliza nikazitandaza kadi za swali la nne kwenye mkeka. Hapana arobaini. Zilikuwa zimebaki siku tisa nirudi Nairobi, na sikuwa na utafiti. Nilikuwa na wimbo wa shule.

Nikaenda kwa maalim nikiwa nimefura.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umewamaliza wote?"

"Nimewamaliza."

"Kuna aliyekosea?"

"Seremala alikwama la nane."

"Nilijua," akasema maalim kwa masikitiko. "Huyo tangu mtoto akili yake yafika la saba."

Hapo nikampandishia sauti mwalimu wangu, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Nikamwambia ameniangamiza, nilitaka kila mtu aseme lake, sasa mzungu ataniona mwizi mara ya pili. Alinisikiliza hadi pumzi zikaniishia.

"Wewe ulisema mtihani," akaniambia. "Ukasema ukianguka wafukuzwa. Ulitaka tukutazame tu, mtoto wetu uanguke, na maswali tunayo sisi mkononi?"

Nikamwuliza, kwa sauti ya chini sasa, ni nani aliyeyatunga majibu yale.

"Hakutunga mtu. Tulikutana."

"Mlikutana?"

"Mara tatu, baada ya alasiri, kwa shangazi yako, ulipokuwa Msambweni. Wafikiri mambo haya yaamuliwa na mtu mmoja?"

Akainuka, akaleta daftari la shule. Ndani yake alikuwa ameandika kila neno la mikutano ile, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wake ule ule ulionifundisha kusoma. Waliohudhuria. Waliotoa udhuru. Nani kasema, nani kapinga, nani kaondoka kwa hasira akarudishwa. Juu ya swali la nne walibishana mkutano mzima. Kundi moja lilitaka kusema kweli, kwamba twakutana tangu enzi za mababu. Kundi la pili likakumbusha kwamba zama za mkoloni kukutana bila kibali kulikuwa ni kulala ndani, na hadi siku ile hakuna aliyekuja kuwaambia rasmi kama kibali nacho kiliteremshwa pamoja na bendera. Kisha nikasoma: *Sauti ya jikoni ikasema, akiandika kwamba twakutana, wakubwa watataka kujua ni nani huketi mbele. Tujibu hapana, mtoto apasi, na sisi tuendelee kukutana.* Wakapiga kura, wa ndiyo wakasimama upande wa mtungi na wa hapana upande wa mlango. Wa mlango wakazidi.

Yaani walikutana mara tatu, wakajadiliana, wakapiga kura, wakakata shauri kwa wingi wa watu kwamba wao hawakutani kamwe.

Nilicheka hadi maalim akanisomea kitu kichwani.

Nilipotulia niligundua kwamba sauti ya jikoni imo katika kila ukurasa. Wanaume walizungumza sana, wakazunguka, wakachoka; kisha sauti ya jikoni ikasema, kisha wakapiga kura.

"Maalim, hii sauti ya jikoni ni ya nani?"

Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa na miaka sita. "Unakula kwake, unalala kwake, na waniuliza mimi?"

Nikaomba niazime daftari. Akasema si lake, ni la watu, na la watu huamuliwa na watu. Basi wakakutana mara ya nne, safari hii nami nikiwapo, nimekaa pembeni na kadi zangu, mdomo nimeufunga kwa amri. Kuna waliokataa katakata. Kuna mmoja aliyetaka majibu yahifadhiwe upya. Mwishowe, kutoka nyuma ya pazia la jikoni, shangazi akasema nipewe daftari, kwa sharti kwamba nisiandike jina la mtu yeyote, wakati huo wala baadaye. Wakasimama upande wa mtungi karibu wote. Sharti lile nalishika hadi leo.

Niliandika siku nane. Kwa mara ya kwanza sikuhifadhi chochote. Nililiweka neno la kadi kando ya neno la daftari, nikajiuliza kwa nini watu wazima arobaini waliona ni salama zaidi kusema hawana kile walichonacho, na nilichojijibu kilikuwa changu. Niliogopa sana kuandika "nafikiri", lakini niliandika.

Mhadhiri aliniita tena. Alitaka aonyeshwe ukurasa wa mbele wa daftari, nikamgeuzia, kwa kuwa alikuwa amelishika nyuma mbele. Alinitaka nimsomee swali la nne. Nikamsomea na kumfasiria, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. Kisha akaufunga uso.

"Hii ni yako," akasema. "Umepita. Lakini huyu wa jikoni, ulipomwuliza, alisemaje?"

Nilikuwa nimewauliza wanaume arobaini, wengine nikiwatafuta hadi Mkongani walikokwenda kulima. Yule aliyenipikia siku zote hizo haikunijia akilini hata kidogo kwamba anaweza kuulizwa. Niliona haya, si kwa sababu ya mhadhiri.

Likizo iliyofuata nilifika nyumbani, nikatua mzigo, nikaenda jikoni moja kwa moja. Shangazi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwamkia, nikaketi kizingitini, nikatoa kadi ya arobaini na moja.

"Leo waniuliza mimi?" akasema.

"Nakuuliza, shangazi. Nilichelewa."

"Uliza basi."

Sikuona haja ya kuanza la kwanza. Nikamwuliza kama watu wa kijiji hiki hukutana kuzungumza mambo yao. Nazi ikaendelea kukwaruza.

"Hapana," akasema. "Hatukutani."

Nikaandika hapana. Chini yake, kama nilivyofunzwa, nikaandika nani kasema, wapi, lini, na alikuwaje: shangazi, jikoni, kabla ya alasiri, akikuna nazi, uso ameugeuzia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Neno moja tu nimekwambia," akasema. "Waandika nini kirefu hivyo?"

"Naandika ulivyolisema."

Akaigeuza nazi mkononi, akaitazama kama imebaki kitu.

"Ukimaliza," akasema, "katandike mikeka barazani. Watu waja baada ya sala."