Mzee Aliyekuja na Kompyuta

Najua utakachosema. Utasema huyu fundi alipitia mahali akaonja kitu kabla ya kupanda Ileje. Sinywi. Nilikuwa nimeshiba ugali na maharage, akili zangu timamu, na ilikuwa mchana. Yalinitokea mimi mwenyewe. Kama ningekuwa natunga, si ningejitungia mzimu wa kutisha kidogo? Huyu aliyenijia mimi alikuja kubishana kuhusu programu za kompyuta.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Tunduma. Wateja wangu wengi wanataka virusi viondolewe na barua zao za kuomba kazi zichapwe. Ninachokipenda hasa ni zile kompyuta za nyumbani za zamani, ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja, unaichomeka kwenye televisheni na kazi yako unaihifadhi kwenye flopi. Zilikuwa zinavuka mpaka kutoka Zambia pamoja na majokofu na magodoro ya watu wanaohama. Mke wangu anaziita mikebe, nami nimeshazoea.

Basi akanipigia mama mmoja wa Itumba, kule Ileje, Mama Tumaini. Mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya, na alikuwa amefariki. Nyimbo zake zote, maneno ya Kindali na sauti zote nne, alizichapa kwenye kompyuta ya namna hiyo na kuziweka kwenye flopi moja. Nakala hakuna. Wanakwaya walibaki na walichokikumbuka, na kila sauti ilikumbuka kivyake. Ibada ya kusimika msalaba kaburini na kumaliza matanga ilikuwa imekaribia, na mama alitaka mumewe aimbiwe nyimbo zake mwenyewe.

"Ilete huku Tunduma, mama," nikamwambia. "Vifaa vyote viko dukani."

"Haitoki," akasema. "Kitu cha marehemu hakivuki kizingiti kabla ya matanga kuisha. Njoo wewe, baba."

Ungefanyaje hapo? Nikafungasha laptop na kebo zangu, nikapanda milima.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu huniacha. Ile kompyuta nikiiunga na laptop yangu kwa kebo, inapitisha faili moja tu kwa wakati, tena kwa kusuasua, na flopi ilikuwa kuukuu. Kila ikizunguka inakwaruza. Haikuwa ya kusomwa mara nyingi. Kwa hiyo dawa yake ni kufunga nyimbo zote ziwe mzigo mmoja, kama unavyofunga nguo kwenye khanga, kisha kuuvusha mzigo huo kwa safari moja na kuufungulia upande wa pili. Zipo programu za kazi hiyo, nami nilikuwa na tatu. Tatizo flopi ilikuwa imejaa, haina nafasi ya nyimbo na mzigo kwa pamoja. Programu ingefunga wimbo, ingeufuta, ingeenda kwenye wimbo unaofuata. Ukikosea umekwisha.

Mama Tumaini alikuwa anakwenda mazoezi ya kwaya. Alikuwa ametoka kupiga deki, akaniambia nivue viatu mlangoni. "Na ufunge komeo," akasema, "mbuzi wa jirani hawana adabu." Nikafunga. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na manyunyu yameanza.

Nikachagua programu ninayoipenda. Ina haraka, inakaza mzigo ukawa mdogo, mafundi wote wanaisifu. Kidole kiko juu ya kitufe.

"Awe, mukwai," sauti ikasema nyuma yangu. "Hapana, siyo hiyo."

Nikageuka. Kwenye kochi alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye koti la sufu la kahawia, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Hodi hakupiga. Nikajua ni ndugu wa marehemu, ametokea chumba cha ndani. Msibani si unakuta watu kila pembe? Ile lafudhi ya ng'ambo ya mpaka haikunishangaza, nusu ya watu wa Tunduma wanachanganya Kibemba, kila bwana kwao ni mukwai.

"Shikamoo, mzee."

"Bwino, salama. Hiyo programu, umeshawahi kufungua mzigo wake kwenye mashine nyingine?"

"Mzee, natumia hii miaka yote."

"Kufunga. Mimi nauliza kufungua."

Nilikasirika, nikwambie ukweli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kompyuta mwenyeji ni mimi, na huyu kaja mwenyeji augue. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ndiyo kazi yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, neno kwa neno, kama vile sijasema kitu. Mara tatu! Mwisho nikaona njia ya kumnyamazisha ni kumwonyesha. Nikachukua wimbo mmoja tu, nikaunakili kwenye kumbukumbu ya mashine, nikaufunga, nikauvusha, nikaufungua kwenye laptop.

Jina la wimbo lilikuwepo. Ukubwa wake ulikuwepo. Programu ikaandika kwamba kila kitu ni sawa. Nikafungua ndani, hakuna hata neno moja la Kindali. Alama za ajabu tupu, juu mpaka chini.

Jasho lilinitoka na baridi yote ile. Kidole kile kingeshuka, mwalimu angezikwa mara ya pili, na mimi ndiye mchimba kaburi.

Ungedhani mzee angenionea huruma. Wapi! "Iwe, nilikwambia," akasema. "Lete ya pili." Ya pili ilifunga vizuri, lakini laptop ikaukataa mzigo wake. "Nomba, sasa, lete hiyo iliyobaki." Iliyobaki ilikuwa programu ya kizee, haikazi chochote cha maana, mzigo wake unatoka mkubwa, na ni nzito kuliko treni ya kupanda mlima. Nilikuwa nayo kwa mazoea tu. Lakini kila inapofunga faili inaipa alama yake ya ukaguzi, na ukifungua upande wa pili inalinganisha na kukuambia kama kimepungua kitu. Nikajaribu na wimbo ule ule. Maneno yakatoka yote, sauti ya kwanza mpaka ya nne.

"Sasa hiyo," mzee akasema. "Hata ikichelewa, acha ichelewe."

Ikafunga, ikavusha, taratibu mno, naye akaniuliza njia nzima, "Umefungua? Umefungua?" mpaka nikasema moyoni, hivi huyu nyumbani kwake hawamhitaji? Nikamwuliza kwa ukali, "Mzee, wewe kilikupata nini?"

Akatazama mikono yake. "Nilifunga maneno ya mama yangu," akasema. "Yote aliyonisimulia kabla hajafa. Niliyafunga vizuri sana. Nikafuta. Sikufungua."

Nikarudisha macho kwenye laptop, wimbo wa mwisho ukaingia, ukakaguliwa, uko salama. Nikageuka nimwambie, "Mzee, tumemaliza."

Kochi lilikuwa tupu. Nikachungulia vyumba vyote, hamna mtu. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani kama nilivyoliacha. Na sakafu ya mama, iliyopigwa deki, nje matope ya Ileje unayajua, haikuwa na alama hata ya kidole cha mguu.

Mama Tumaini aliporudi nilimfungulia komeo, akanikuta nimesimama juu ya mkeka, soksi zangu miguuni na viatu mkononi, kama mwizi aliyekosa njia. Nikamweleza yote. Nilitegemea apige yowe. Alifungua mtandio, akakaa, akashusha pumzi ndefu.

"Ana koti la kahawia?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Jamani, bado yupo? Nilidhani wameondoka wote wawili, yeye na mume wangu." Akatikisa kichwa. "Huyo alimchosha sana marehemu. Kila akikaa kuchapa, 'siyo hivyo, mukwai, siyo hivyo.' Alikuja na hiyo kompyuta kutoka ng'ambo. Mwenyewe alikufa, ndugu zake wakauza vitu hata udongo haujakauka. Matanga hawakumaliza. Sasa angekwenda wapi na kitu chake kimeshavuka kizingiti?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikataa kuileta Tunduma.

Siku ya msalaba nilikwenda. Nilikuwa nimezichapa nyimbo, kila mwanakwaya na karatasi yake. Walipoanza ule wa kwanza, Mama Tumaini alisimama wima, hakulia, midomo yake ikifuata kila neno. Kwenye ubeti wa pili lilikuwemo jina lake. Hakujua. Kwaya yote walikuwa wameusahau ubeti ule. Ndipo alipolia, nasi tukalia naye, na mimi sijui hata Kindali.

Baada ya chakula wakagawa vitu vya marehemu, kama desturi. Koti kwa kaka yake, jembe kwa mpwa, saa kwa Tumaini. Ikafika kompyuta. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Ya fundi hiyo," akasema. "Mchukue, baba. Nyie mnaelewana."

Hakusema *ichukue*. Alisema *mchukue*. Ungekataa mbele ya ukoo mzima?

Yuko dukani kwangu mpaka leo. Wateja hawamwoni, mimi namsikia. Nikitaka kumfutia mtu mafaili baada ya kufunga mzigo, kikohozi kinatoka kwenye kona ya mikebe yangu, na sauti: "Umefungua?" Wateja wanalalamika nachelewesha kazi. Wengine wamehamia kwa fundi wa jirani.

Na kwenye boksi la ile kompyuta nilikuta flopi yake, ule mzigo wa maneno ya mama yake. Nimejaribu kila programu ninayoijua. Nikamwuliza, mzee, wewe mwenyewe ulifungia programu gani? Mjuaji yule, aliyenikosoa mpaka nikakosa raha, unajua alinijibu nini? Amesahau! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Jioni nikishafunga hesabu za duka najaribu tena kidogo, ananiuliza, nami namjibu, "Bado, mzee. Bado."

Kwa hiyo nisikilize. Ukinunua mashine kuukuu mpakani, uliza kwanza kama matanga ya mwenyewe yaliisha. Na ukifunga vitu vyako, sauti ya mama, picha za watoto, usifute mpaka umevifungua mahali pengine ukavisoma kwa macho yako. Usipofanya hivyo, ukifa utakuja kunisumbua mimi. Na duka langu ni dogo, mzee mmoja ananitosha.