Maneno Aliyopewa Leila

Pale soko la Mchikichini, upande wa mapazia, ukimuulizia Hyasinta utazunguka mpaka uchoke. Muulizie Mama Leila, utashikwa mkono upelekwe. Utamkuta amekaa juu ya robota la mtumba, kati ya muuza mashuka na muuza mazulia, na kabla hujamaliza salamu atakuwa ameshakukadiria dirisha lako. Mwambie tu unakoishi. "Ilala nyumba za zamani? Basi madirisha yako mafupi, hili litaburuza chini, chukua lile." Ana ulimi yule mama, nisikufiche, lakini hajawahi kumuuzia mtu pazia lisilomfaa.

Jambo moja tu. Hajawahi kuzaa mtoto anayeitwa Leila.

Mtoto wake aliitwa Victoria. Mmoja, hana mwingine. Hyasinta alitoka Ndanda akiwa msichana, akaja kuolewa na fundi wa reli pale Gerezani, fundi akafa mtoto akiwa na miaka minne, na toka hapo wakabaki wawili kwenye chumba kimoja cha kupanga Ilala. Wakati huo sokoni wote walimwita Mama Viki, kama ilivyo kawaida yetu, mwanamke akizaa jina lake linawekwa kabatini.

Viki alipofika miaka ishirini akampenda dereva mmoja wa malori ya kusini, mtu mzima mwenye mke wake Masasi. Mama alikasirika, na nani asingekasirika? Asubuhi moja wakajibizana, na Hyasinta akasema lile neno ambalo wazazi wanalisema wakiwa hawalimaanishi: ukitoka kwenda kwa huyo bwana, hapa usirudi. Viki akatoka. Saa moja jioni akarudi. Akagonga. "Mama, ni mimi."

Hyasinta alikuwa ameweka komeo. Alisikia vizuri kabisa. Alikaa kitandani, mikono mapajani, akajiambia, mwache asimame kidogo, akili imkae. Viki aligonga mara tatu. Mama alipoinuka kwenda kufungua, uani hakuna mtu, kuna ndoo za wapangaji tu. Binti alikuwa amekwenda zake, na hakuonekana tena, wala kusikika.

Haya sasa, miaka sita ikapita. Akaja bwana mmoja anaitwa Abbasi, muongozaji wa sinema, akakodi ua wa nyumba ile kwa siku mbili. Sinema zetu za wakati ule, tusidanganyane, hazikuwa na maneno ya kukariri. Muongozaji alikuja na hadithi yake kichwani, akasema, wewe umefumaniwa, wewe umefumania, haya, anzeni. Siku ya pili mwigizaji aliyetakiwa kuwa mama mzazi hakutokea. Abbasi akatazama huku na huku, akamwona Hyasinta anapepeta mchele. "Mama, njoo utusaidie. Mwanao kaondoka nyumbani, leo unamkumbuka. Simama pale mlangoni, sema chochote kitakachokuja."

Kilichokuja ndicho hiki ambacho nchi nzima inakijua: "Leila, mlango sijaufunga mwanangu. Nimeurudishia tu. Ukisukuma, unaingia."

Mshika kamera alifuta machozi. Abbasi mwenyewe aliondoka na kuku wa kukaanga aliyepewa na wapangaji, akasema hajawahi kuona mtu analia vile bila kupakwa kitunguu. Sinema ikatoka. Ilikuwa mbovu, kusema kweli, sauti inakuja na kukatika, lakini watu walirudisha nyuma pale pale, mama mlangoni, wakasikiliza tena. Sokoni jina likabadilika ndani ya mwezi. Mama Leila, Mama Leila. Mwanzoni hakuitika. Baadaye akaitika, maana kila alipoitwa Mama Viki ilimlazimu kueleza Viki yuko wapi, na hakuwa na la kueleza.

Maneno nayo yakaondoka kivyao. Wakayachukua wengine, wakayatia kwenye sinema zao, bila hodi. Yeye alikuwa akiyasikia kwenye simu za wateja, anacheka nao, anaendelea kukunja mapazia. Moyoni alikuwa na sababu moja tu ya kuyapenda: huenda mahali fulani Viki yuko, sinema inapita, anamwona mama yake mlangoni.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, akaja mwanamke sokoni anamuulizia Mama Viki. Akajibiwa hayupo mtu wa jina hilo. Akasisitiza: anauza mapazia, mtu wa Ndanda. "Basi huyo ni Mama Leila," wakamwambia, wakamleta.

Aliitwa Euphrasia. Alikuwa amerudi kutoka Msumbiji, Montepuez, kwenye machimbo, baada ya miaka mingi ya kuwapikia wachimbaji. Amefikia kwa kaka yake hapo hapo Ilala. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye robota, na kabla hajasema kitu Hyasinta akavuta pazia akaliweka mapajani. Mama anajua.

Viki alikuwa amefariki. Miaka mitano iliyopita, homa, siku nne tu. Yule dereva alimwacha zamani, mwaka wa pili. Walikuwa wakipika pamoja, yeye na Euphrasia, chumba kimoja. Walimzika wao wenyewe, wanawake wa jikoni, wakachanga sanda.

Hyasinta hakupiga kelele. Alikunja pazia lililokuwa mapajani, akalikunjua, akalikunja tena. Muuza mashuka akaja akamshika bega. Sitaki kukueleza kilio cha siku tatu zilizofuata, kila mtu anakijua kilio.

Lakini kuna neno Euphrasia alilidondosha akiwa anaaga. Alisema Viki alikuwa akimtaja sana mama yake. Alisema kuna siku waliazima sinema ya Kitanzania, kukawa na mama anamwambia mwanae mlango haujafungwa, umerudishiwa tu, na Viki akazima televisheni, akalia mpaka wali ukaungua.

Hyasinta akashika hapo. Sinema ipi? Euphrasia hakukumbuka, yeye alikuwa akiingia na kutoka, moto ulikuwa nje. Na wakati ule sinema zenye maneno hayo zilishakuwa nyingi. Basi likawa hilo tu, usiku na mchana. Kama ilikuwa ile ya kwanza, Viki alimwona mama yake kwa macho, akasikia kwa masikio yake kwamba komeo liliondolewa, akafa anajua. Kama ilikuwa nyingine, alilia tu kama mtu yeyote anavyolia mbele ya sinema, na mama hakumfikia. Hakutaka kingine duniani ila kujua hilo.

Pale Gerezani, karibu na kituo cha mwendokasi, kuna kibanda cha Anuari, anayewajazia watu sinema kwenye flashi. Ana kompyuta mbili na kiburi cha kujua kila sinema iliyopigwa Bongo toka enzi za kanda. Hyasinta alimwambia anataka zote zenye yale maneno, kwa mfuatano, ya kwanza mpaka ya mwisho. Anuari akajua anazungumza na nani, akaona aibu kuchukua hela.

"Nipe wiki moja, mama. Hayo maneno yamezaa mpaka wajukuu."

Alifanya kazi kweli. Jumamosi Hyasinta alifika pamoja na Euphrasia, ambaye alikuja kwa heshima tu, na ambaye hakuambiwa kwamba ile ya kwanza aliigiza Hyasinta mwenyewe. Hyasinta aliona haya. Pia aliogopa: akimwambia, atamjibu ili kumfurahisha.

Wakaanza kutoka mwisho. Kwanza vijana wa kwenye simu, mwanamume kavaa wigi na kanga, anamwimbia mbuzi aliyetoroka. Euphrasia akacheka kidogo, akatikisa kichwa, hiyo ya juzi. Kisha sinema ya vichekesho, mwenye nyumba anamwambia mpangaji mlango kaurudishia tu, bora kodi iwahi. Siyo. Kisha mke anamwambia mume mlevi, na amevaa dhahabu tupu saa za kulala. Siyo, ilikuwa mama na mtoto. Kisha ile ya mizimu, mama aliyekufa anasema akiwa kaburini, uso umepakwa unga. Hapo Euphrasia alikaa sawa, akatazama sana, na Hyasinta akamtazama yeye.

"Hapana," akasema. "Yule alikuwa hai. Alikuwa na ungo."

Anuari alimtazama Hyasinta. Akabonyeza ya mwisho, yaani ya kwanza.

Ua ukatokea, ndoo, kamba ya nguo. Mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, ungo mkononi, akausogelea mlango. Hyasinta aliufahamu ule mlango kuliko sura yake mwenyewe. Mwanamke akasema maneno. Euphrasia alikuwa akiitikia kwa kichwa toka ungo ulipotokea. "Ndiyo hii. Ndiyo hii kabisa." Kisha akageuka polepole, akamtazama mama aliyekaa pembeni yake, mwembamba, mvi zimechungulia kwenye kilemba, akarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama. Huyu ni wewe."

"Ni mimi."

Ningependa kukuambia kwamba ndipo mzigo ulipotua. Ulitua, kwa muda wa kumeza mate mara moja. Hyasinta alifunika uso kwa kanga, akasema, asante Mungu, aliniona, alinisikia mwanangu. Akasema hivyo mara mbili. Halafu akaona Euphrasia hafurahi.

"Nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama."

"Sema. Nimefika mpaka hapa."

Euphrasia alikuwa akisokota ncha ya gauni. Anuari akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

"Siku ile Viki aliniambia, yule ni mama yangu. Nikadhani anasema tu, si unajua mtu akiwa mbali, kila mama ni mama yake. Akarudisha nyuma akatazama tena. Mara tatu. Nikamwambia, kama ni mama yako si anakuita nyumbani, nenda basi. Akasema..." Akaiachia ncha ya gauni. "Akasema, hakuniita mimi. Umesikia anavyomwita? Mama kapata Leila, mlango ule ni wa Leila. Mimi niligonga, hakufungua. Ndipo akazima."

Barabarani basi la mwendokasi lilipita, kibanda kikatikisika. Hyasinta alitazama picha ambayo Anuari alikuwa ameisimamisha, yeye mwenyewe mlangoni, mdomo wazi.

Siku ile uani hakuanza na Leila. Hilo ndilo nililokuwa sijakueleza, na yeye hakuwahi kumweleza mtu. Mara ya kwanza, kamera ilipowashwa na Abbasi akasema haya mama, alisema Viki. "Viki, mlango sijaufunga mwanangu." Yalimtoka yote, na kilio chake, na Abbasi akasimamisha. Safi sana mama, akasema, ila mtoto kwenye hadithi anaitwa Leila, tunarudia. Wakarudia. Akasema Leila, kwa sababu aliombwa kwa adabu na watu walikuwa wamesimama juani.

"Ile ya kwanza iko wapi?" alimuuliza Anuari. "Kipande nilichosema Viki."

Anuari alijibu akitazama mikono yake. Wakati ule walikuwa na kanda moja au mbili tu. Kipande kisichotumika kilirekodiwa juu yake hapo hapo, na kazi ikiisha kanda ilipelekwa kwenye harusi. Hakipo, mama.

Hyasinta akamgeukia Euphrasia, akamshika mikono yote miwili kama anayembembeleza, akamweleza neno kwa neno: jina alilosema, jinsi alivyosimamishwa, jinsi alivyorudia. Alieleza haraka haraka, kana kwamba bado kuna mtu wa kupelekewa ujumbe Montepuez. Euphrasia alisikiliza, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Ningejua ningemwambia," alisema. "Aliishi miaka sita baada ya siku ile, mama. Tulilala kitanda kimoja."

Hyasinta aliachia mikono yake. Miaka sita ile alikuwa juu ya robota pale Mchikichini, anapima madirisha ya watu, akijiambia kwamba mwanae hajaiona ile sinema, na siku atakayoiona atarudi.